Ukurasa Kama Hoja: Kumsoma Claudia Jones

Februari 1953, katika mahakama ya shirikisho jijini New York, Claudia Jones alipewa nafasi ya kusema neno kabla ya hukumu. Yeye na wenzake wa Chama cha Kikomunisti cha Marekani walikuwa wametiwa hatiani kwa Sheria ya Smith ya mwaka 1940, iliyofanya kuwa jinai kula njama ya kufundisha watu kuipindua serikali kwa nguvu. Kati ya matendo yaliyotajwa dhidi yake lilikuwamo moja la kushangaza: kuandika makala. Makala yenyewe ilitoka mwaka 1950 na ilihusu wanawake na harakati za amani. Katika hotuba yake, Jones aliionyesha mahakama jambo ambalo mhakiki yeyote angeliona. Upande wa mashtaka ulileta ukurasa wenye jina la makala, ukathibitisha kwamba mwandishi ni yeye, ukaishia hapo. Makala haikusomwa hata mstari mmoja mbele ya baraza la waamuzi. Sababu aliitaja mwenyewe: kama ingesomwa, waamuzi wangesikia akina mama wa Marekani, weusi kwa weupe, wakihimizwa kupinga vita.

Huo ulikuwa uhakiki wa fani, uliofanywa na mtu aliyekuwa akingoja kifungo. Jones alikuwa anasema kwamba maana ya andiko haikai katika jina lake wala katika sifa za aliyeliandika. Inakaa katika jinsi lilivyopangwa, kipi kimetangulia, kipi kimewekwa ubavuni mwa kipi. Ndiyo maana nataka tumsome hivyo hivyo. Darasani tumezoea kutenganisha fani na maudhui, na tukifika kwa mwandishi wa siasa tunaiacha fani mlangoni, tunaingia na maudhui peke yake. Jones ameumizwa sana na zoea hili. Leo anatajwa kwa wazo moja, kwamba mwanamke mweusi mfanyakazi anakandamizwa mara tatu, kwa tabaka, kwa rangi na kwa jinsia, kisha kitabu kinafungwa. Wazo ni lake kweli na ni zito. Lakini kipaji chake kikubwa kilikuwa cha uhariri. Alijua kupanga vitu, na mpangilio wake ndio uliokuwa unahoji.

Maisha yake yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, Februari 1915, akaitwa Claudia Vera Cumberbatch. Akiwa na miaka minane alipelekwa New York, ambako wazazi wake walikuwa wametangulia. Mama yake, mshonaji wa kiwandani, alifariki angali kijana. Claudia mwenyewe alipata kifua kikuu katika ujana wake, na tangu hapo afya yake haikutengemaa tena. Mwaka 1936, kesi ya vijana weusi wa Scottsboro ikiwa imewasha moto Harlem, alijiunga na umoja wa vijana wa Kikomunisti. Jina la Jones alilichukua kujikinga, na jina la kujikinga ndilo lililokuja kuwa jina la kazi. Aliandika, akahariri, akakamatwa zaidi ya mara moja, akafungwa katika gereza la wanawake la Alderson, West Virginia, na Desemba 1955 akapandishwa meli. Wakoloni waliokuwa wakitawala Trinidad hawakumtaka. Uingereza ikampokea, na London ikampata mhamiaji ambaye alikuwa ameshakuwa mhamiaji mara moja.

Siku chache kabla ya safari hiyo alimwandikia William Z. Foster, kiongozi wa chama chake, barua ndefu ya kujieleza maisha yake. Ndani yake kuna kisa kinachofaa kusimamiwa. Katikati ya miaka ya 1930, Italia ilipoivamia Ethiopia, Claudia alikuwa ameajiriwa katika gazeti la watu weusi Harlem. Kazi yake ilikuwa kusoma magazeti mengine, ya biashara, ya watu weusi, ya vyama vya wafanyakazi, na kuandaa muhtasari wa yale ambayo tahariri zao zilisema kuhusu vita hiyo. Siku moja akaenda kwenye mkutano wa hadhara na kumkuta bosi wake jukwaani akiusoma muhtasari ule ule mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wakimshangilia. Kesho yake bosi alimjia akijisifu jinsi alivyo mtu mkubwa.

Mtu anaweza kukisoma kisa hiki kama malalamiko ya msichana aliyeporwa jasho lake, na haki hiyo anayo. Mimi kinanivuta kwa sababu ya aina ya maandishi yaliyoporwa. Muhtasari wa magazeti hauna hoja ya wazi. Hausemi "mimi naona hivi." Unaweka sauti ya gazeti la matajiri kando ya sauti ya gazeti la makuli, na msomaji anaona mwenyewe nani anaficha nini. Umati wa Harlem haukushangilia ufasaha wa bosi. Ulishangilia mpangilio. Msichana wa miaka ishirini aligundua, akiwa amekaa katikati ya wasikilizaji, kwamba kuchagua na kupanga maneno ya wengine kunaweza kuwainua watu vitini. Kila alichokiandika baadaye kina alama ya ugunduzi huo.

Chukua insha yake ya Juni 1949 katika jarida la Political Affairs, ile inayodai ukome upuuzaji wa matatizo ya mwanamke mweusi. Jina lake linaishia kwa alama ya mshangao, jambo lisilo la kawaida katika jarida la nadharia, na alama hiyo inageuza mada kuwa amri. Wengi wangeianza insha ya namna hiyo kwa mateso. Jones anaianza kwa nguvu: wanawake weusi wamekuwa mstari wa mbele katika mapambano, na tabaka tawala linawaogopa kwa sababu linajua kwamba wakisimama wao, jamii nzima inasimama nao. Mateso yanakuja baadaye, na kwa kuwa yametanguliwa na nguvu, hayaombi huruma. Yanakuwa maelezo ya sababu za kuogopwa.

Kisha insha inateremka. Hapo ndipo ufundi ulipo. Inaanzia juu, kwenye takwimu za mishahara na ajira, mahali ambapo msomaji wa jarida lile alijihisi yuko nyumbani. Inashuka kwenye kazi za ndani, zilizokuwa takriban mlango pekee uliobaki wazi kwa mwanamke mweusi. Inashuka tena hadi kwenye taswira za filamu na redio, yule yaya mnene mwenye tabasamu ambaye hana watoto wake mwenyewe. Ikishafika hapo inaingia sebuleni kwa msomaji. Inawataja wapenda maendeleo wa kizungu, wanachama wenzake, wanaowaita wafanyakazi wao wa ndani kwa majina ya kitoto, wanaomwona mwanamke mweusi msomi na kudhani ni mtumishi au anajua pa kumpata mtumishi, wanaofanya tafrija za mshikamano ambamo yeye haombwi kucheza.

Ngazi ile si ya bahati nasibu. Kama angeanza na tafrija, msomaji angesema haya ni mambo madogo, hisia za mtu. Kwa kuanza na mishahara amemfanya akubali vipimo, na kipimo kile kile kinamfuata hadi kwenye sakafu ya dansi. Sentensi za Jones ni ndefu na nzito, zimebeba msamiati wa chama, na sitadai kwamba zote zinapendeza. Nyingine zinachosha. Lakini muundo wa insha ni mwepesi kuliko sentensi zake: mstari mmoja unaoshuka kutoka kiwandani hadi sebuleni, ukakutana chini kabisa na Rosa Lee Ingram, mjane wa Georgia ambaye mwaka 1948 alihukumiwa kifo pamoja na wanawe wawili, hukumu ikaja kupunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Jina la Ingram linapotokea, msomaji ameshapitia hatua zote zinazompeleka mwanamke kama huyo kwenye hukumu kama hiyo.

London hapakuwa na jarida la nadharia lililokuwa likimngojea. Wakomunisti wa Uingereza hawakujua wamweke wapi. Alichofanya ni biashara, na neno hilo nalitumia kwa heshima yake yote. Machi 1958, katika jengo namba 250 Brixton Road, ghorofani juu ya duka la santuri, alianzisha gazeti la kila mwezi lililoitwa West Indian Gazette. Amy Ashwood Garvey, mke wa kwanza wa Marcus Garvey, alikuwa katika bodi yake. Abhimanyu Manchanda, Mhindi aliyekuwa mwenzi wa Jones, alishika upande wa uendeshaji. Baadaye jina lilirefushwa likaingiza habari za Afrika na Asia. Wakati wa kilele chake linasemekana lilifika nakala 15,000.

Wakati lilipotoka nao una maana. Shirikisho la visiwa vya West Indies lilikuwa limeundwa Januari mwaka huo huo, na likavunjika mwaka 1962. Mtu wa Barbados na mtu wa Jamaika walitenganishwa kwao na maili nyingi za bahari na wivu usiokwisha. Walipofika Brixton walifanywa kuwa kitu kimoja na mwenye nyumba aliyewafungia wote mlango. Gazeti la Jones lilizungumza na huyo mtu mpya ambaye siasa za visiwani zilikuwa zinashindwa kumuumba.

Tuangalie anavyozungumza naye. Katika magazeti makubwa ya Uingereza ya miaka ile, mhamiaji alikuwa nafsi ya tatu. Walikuja, wamekuwa wengi, wanachukua nyumba, kuna tatizo lao. Hata mwandishi mwenye nia njema alimweleza msomaji mzungu habari za watu waliokuwa hawamo chumbani. Gazette liligeuza nafsi. Msomaji wake alikuwa yule yule aliyekuwa akizungumziwa kwingineko, na mara alipokuwa msomaji, hakuwa tena tatizo la kuelezwa. Alikuwa mtu anayetafuta chumba cha kupanga, anayetaka kujua nauli ya meli, anayefuatilia kriketi, anayependa ushairi, anayeuliza mambo yamefikia wapi Accra na Johannesburg. Waandishi wa riwaya kama George Lamming, Samuel Selvon na Andrew Salkey walihusiana na gazeti hilo. Donald Hinds, aliyekuwa kondakta wa basi, akawa mwandishi wake.

Ningependa wanafunzi wa fasihi walione hili vizuri, kwa sababu ni rahisi kulidharau. Tangazo la saluni likikaa karibu na tahariri ya ubaguzi wa makazi, mtu aliyezoea vitabu huliruka akidhani ni uchafu wa biashara uliosalia baada ya fikra. Katika gazeti la Jones, tangazo ni sehemu ya hoja. Linasema watu hawa wana nywele za kutunzwa, wana pesa za kutumia, wana Jumamosi. Habari za ukombozi wa Afrika zikiwekwa jirani na habari za kodi ya nyumba ya Brixton, hakuna haja ya aya ya kueleza uhusiano wa ukoloni na mwenye nyumba. Ni muhtasari ule wa Harlem umerudi, safari hii bila bosi wa kuupanda nao jukwaani.

Miezi mitano baada ya toleo la kwanza, mwishoni mwa Agosti 1958, makundi ya vijana wa kizungu yaliwavamia watu weusi Nottingham na kisha Notting Hill, magharibi mwa London. Fujo za Notting Hill ziliendelea hadi siku za mwanzo za Septemba. Vijana tisa wa kizungu walifungwa miaka minne kila mmoja. Weusi kadhaa waliojilinda nao walifikishwa mahakamani. Gazeti lilipata vitisho vilivyotumwa kwa jina la Ku Klux Klan. Mhariri wa kawaida angejibu kwa tahariri kali, na Jones aliandika zake. Lakini jibu lake kubwa lilikuwa la namna nyingine kabisa: tarehe 30 Januari 1959, katika ukumbi wa St Pancras, aliandaa kanivali.

Kwa nini hili ni suala la fani? Kanivali ya Trinidad ni ya barabarani. Ni ya jua, ya siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu, na maana yake yote inatokana na watu kuimiliki njia ambayo siku nyingine ni ya polisi. Jones aliitoa barabarani akaiingiza ndani ya jengo la manispaa, usiku, katikati ya majira ya baridi. Mtu wa Port of Spain angesema ameiua. Lakini barabara ya London ya Januari 1959 ilikuwa mahali ambapo mtu mweusi alikuwa amepigwa kwa minyororo na chupa miezi michache nyuma. Kuingia ukumbini hakukuwa kukimbia. Ukumbi wa mji ni nyumba ya raia. Kuukodi na kuujaza kalipso ni kudai uraia kwa njia isiyohitaji ombi. Edric Connor ndiye aliyeongoza onyesho, Cleo Laine na Mighty Terror walikuwa miongoni mwa waimbaji, na BBC ililionyesha kwenye televisheni. Hapo ndipo Jones mwanahabari anapoonekana wazi. Alijua kwamba jambo la barabarani linafika hadi pale barabara inapoishia, na kwamba onyesho la ukumbini, likiwa na jukwaa na taa, linaweza kubebwa na kamera hadi nyumba ambazo hazingeweza kumwalika hata mmoja wa wachezaji wake.

Kuna karatasi moja ya usiku ule ninayoiona kuwa andiko bora kuliko tahariri zake zote: kijitabu cha kumbukumbu kilichouzwa kwa wageni. Utangulizi wake, ulioandikwa na Jones, unadai kwamba sanaa ya umma ndipo uhuru wao unapoanzia. Dai zuri, lakini la jumla, na madai ya jumla ni rahisi. Kinachonishika ni taarifa fupi ya mapato iliyochapwa humo. Inaeleza kwamba sehemu ya fedha zitakazopatikana kwa kukiuza kijitabu itasaidia kulipa faini za vijana waliohusika katika matukio ya Notting Hill, weusi na weupe.

Na weupe. Neno hilo limekaa katika sentensi ya uhasibu, bila mapambo, bila alama ya mshangao. Mwandishi yule yule ambaye mwaka 1949 aliweka alama hiyo kwenye jina la insha hapa anaandika kama mweka hazina. Hakuna hotuba ya upendo wala ya kusamehe. Kuna wageni walionunua kijitabu, kuna faini, na kuna orodha ya watakaolipiwa ambayo haikugawanywa kwa rangi. Imani ya siasa ya Jones, kwamba kijana maskini mweupe ametumiwa dhidi ya jirani yake, ingeweza kujaza kurasa kumi za jarida la nadharia. Aliifupisha ikawa matumizi ya fedha. Ningempa mwanafunzi taarifa hiyo moja na kumwambia aifanyie kazi wiki nzima: nafsi ipi inazungumza, inadhani msomaji anajua nini tayari, kwa nini rangi zimetajwa badala ya kusema "vijana wote," kwa nini jambo kubwa hivyo limewekwa mahali ambapo macho hupita haraka.

Katika usiku huo huo kulikuwa na shindano la urembo la Malkia wa Kanivali, na wahakiki wengi hulipita kimya kwa aibu. Mwandishi aliyefichua taswira za mwanamke mweusi katika filamu anawezaje kuwapandisha wasichana jukwaani wapimwe kwa macho? Sitamtetea kwa kusema nyakati zilikuwa nyingine. Mwaka 1949 tayari alikuwa ameandika kinachotosha kulipinga shindano lake mwenyewe. Lakini pia sikubali kwamba ni kosa tupu. Katika mji ambao uzuri ulitangazwa kuwa mweupe kwenye kila ukuta, kumvisha taji msichana mweusi mbele ya kamera za BBC kulikuwa kauli. Udhaifu wake ni kwamba kauli hiyo ilitumia fani ya adui bila kuibadilisha. Ukumbi wa manispaa aliugeuza kazi. Jukwaa la urembo alilitumia kama alivyolikuta. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya Jones anayeunda na Jones anayeazima.

Mei 1959, Kelso Cochrane, fundi seremala kutoka Antigua, alichomwa kisu barabarani Notting Hill akafa. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Jones alikuwa kati ya walioongoza kilio cha jamii, na kanivali iliendelea kufanyika kila mwaka kumbi zikibadilika. Gazeti lenyewe lilikuwa linahema. Fedha hazikutosha kamwe; matoleo yalichelewa, mengine hayakutoka kabisa, mishahara ilikuwa ndoto, na wauzaji walikuwa watu wa kujitolea. Mwimbaji wa Kimarekani Paul Robeson, aliyekuwa amerudishiwa pasipoti yake mwaka 1958 baada ya kunyimwa kwa miaka minane, aliimba katika tamasha la kulichangia. Kanivali, tamasha na gazeti vilikuwa mfuko mmoja: kimoja kilikilisha kingine, na vyote vilimla mwenye navyo.

Mwaka 1962 Uingereza ikapitisha sheria ya kuzuia wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, ikiwadai vibali vya kazi, huku Waayalandi wakiingia kama kawaida. Gazeti liliipinga tangu ilipokuwa mswada. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuikumbuka, maana mlango uliofungwa nusu mwaka 1962 ulikazwa zaidi mwaka 1968 dhidi ya Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza mkononi.

Miaka miwili baada ya sheria ile ya 1962, katika toleo la kiangazi la 1964 la Freedomways, jarida la New York, Jones alichapisha insha kuhusu jamii ya Wakaribi nchini Uingereza. Hii ndiyo kazi yake inayonisumbua zaidi. Inafunguka kwa hesabu: zaidi ya robo milioni ya watu wa West Indies, wengi wao kutoka Jamaika, wamehamia Uingereza katika muda usiofika miaka kumi, wakaizidi kwa wingi jamii ya zamani ya wenzao iliyoko Marekani. Kisha zinafuata ajira, nyumba, ubaguzi, sheria ya 1962, na mwishoni gazeti lake na kazi zake, kanivali ikiwamo. Kila kitu kiko katika nafsi ya tatu. Mwanamke aliyetumia miaka sita kumgeuza mhamiaji kutoka "wao" kuwa msomaji, hapa anamweleza tena kwa mbali. Gazette linatajwa kama kichocheo kilichoharakisha mwamko wa watu, na anayelielezea hasemi kwamba ni lake.

Nimesoma maoni kwamba huu ni unyenyekevu wa Kikomunisti. Sidhani unatosha. Msomaji wa Freedomways alikuwa Mmarekani, mkaazi wa nchi iliyomfunga na kumpandisha meli. Kwa msomaji huyo, "mimi" ya Claudia Jones ilikuwa tayari imechafuliwa na mashtaka. Ilikuwa jina juu ya ukurasa. Aliiondoa ili ukurasa usomwe. Ulinganisho wa zile hesabu mbili, Wakaribi wa Uingereza na Wakaribi wa Marekani, unambeba yeye bila kumtaja, kwa sababu yeye alikuwa katika hesabu zote mbili. Huo ni ustadi, na una gharama. Wanawake waliosimama katikati ya insha ya 1949 hapa wanapata nafasi ndogo, wamemezwa na jumla ya wahamiaji. Mtu anayeandika kwa nafsi ya tatu ya wingi hupoteza kwanza wale ambao wingi huwasahau, na Jones, aliyewafundisha wengine hatari hiyo, hakuikwepa.

Alifariki usingizini London wakati wa Krismasi ya mwaka huo huo, moyo ukiwa umechoka, akiwa na miaka 49. Akazikwa Highgate, kushoto kwa kaburi la Karl Marx. Gazette lilitoa matoleo machache baada yake, likakoma mwaka 1965. Watu wake walikuwepo, Manchanda alikuwepo, waandishi walikuwepo na wasomaji wa Brixton hawakuhama. Ukata ulichangia, lakini ukata lilikuwa nao tangu mwaka wa kwanza. Kilichokosekana ni jicho lililojua kwamba habari hii ikae pale na tangazo lile likae hapa, na Jones hakuwahi kulifundisha jicho hilo kwa mtu mwingine wala kuliachia gazeti utaratibu wa kuliendeleza. Kama mwandishi, hilo halimpunguzii kitu. Kama mwenye chombo cha habari, ndilo kosa lake kubwa, na ningelitaja hata kama ningekuwa naandika tanzia yake.